Doa Chini ya Rangi

Singida, 18 Februari 2024

Baba mdogo,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Sisi huku hatujambo. Mkweo Fabian anasema nikuambie goti lake limepona na Desemba atapanda mlima wa kwenu bila kusukumwa na mtu. Usimwamini. Mvua imekatika mapema, alizeti za jirani zimeinama kabla ya wakati, na maji ya bomba yanakuja yanapojisikia. Mwambie mama mdogo Flavia kwamba ndizi mshare alizotuma zilifika zikiwa imara. Nimepika mtori hadi jirani akabisha hodi kuuliza kunani.

Najua unajiuliza kwa nini huyu hapigi simu kwa mama mdogo akaacha kukutesa na miwani. Kwanza, mashine ya kuranda ilikwisha kula masikio yako, na mama mdogo akipewa ujumbe wako huufikisha kwa sauti ambayo hata padre anaisikia. Pili, hili ninaloandika sitaki litamkwe. Tunategemea mgeni. Sitamwita kwa jina lingine, na mwezi sitasema. Wale wawili wa mwanzo niliwataja mapema, nikawanunulia hadi soksi, na unajua yalivyoishia. Safari hii naogopa, baba mdogo. Kila asubuhi naweka mkono tumboni kabla sijafungua macho.

Mungu akijalia, nitakuja huko kwa uzazi. Kwao Fabian, Masama, hakuna tena mama wa kumlea mzazi, na mama mdogo alishaapa kwamba hakuna mwingine atakayenipikia. Nitakaa nyumba ya marehemu baba, kile chumba kinachotazama migomba. Ndiyo maana naomba ututengenezee makabati, ya jikoni pamoja na moja la chumbani la kuweka nguo za mgeni. Mbao chagua wewe. Kwenye rangi ndiko nina neno. Isiwe ya harufu kali, maana siku hizi mtu akifungua kopo la tina, ile ya kuyeyushia rangi, nyumba ya tatu, mimi kichwa kinazunguka. Napenda vanishi ya maji, klia, mbao ionekane ilivyoumbwa. Na ikamilike mapema, ikauke kabisa kabla hatujafika.

Kuhusu mgeni, usimwambie mtu.

Mwanao,
Stella


Marangu, 9 Machi 2024

Mwanangu Stella,

Milele amina, na marahaba mama. Barua yako imelala dukani kwa Ndelilio pale Mtoni juma zima chini ya katoni ya sabuni. Imenifikia ikinukia kuliko mimi. Tu wazima. Mgongo wa mama yako mdogo unamsumbua ila mdomo haujapata ugonjwa wowote. Ng'ombe amezaa ndama dume, na kahawa zimechanua hadi shamba zima limekuwa jeupe.

Kuhusu mgeni, mimi sikusoma kitu. Nimewasha mshumaa kanisani tu. Mama yako mdogo akaniuliza wa nini, nikamwambia wa masikio.

Sasa makabati. Mbao nimeshapata, na usiniulize nimezitoa wapi, kwa sababu nataka ufike uone mwenyewe. Ni mringaringa wa zamani, mbao pana, zilizokauka miaka na miaka, ambazo siku hizi huzipati hata ukilia. Nilipeleka kipande Moshi mjini dukani kwa Kuldip, ninakonunua vanishi. Akakigeuza, akakinusa, akaniambia mzee, mbao kama hii ni dhambi kuifunika. Halafu akasema na jambo jingine, lakini pikipiki zilikuwa nyingi barabarani, nami nikamwitikia kwa kichwa kama kawaida yangu. Nilipoondoka alikuwa anafuta mikono.

Ila klia sikushauri. Mbao za umri huo zina madoa. Nashauri tupake rangi ya mbao iliyokoza, ile ya kahawa iliyokaangwa, juu yake vanishi mara mbili. Itapendeza sana. Harufu usiiwazie, itaisha.

Baba yako mdogo,
Thadeus


Singida, 2 Aprili 2024

Baba mdogo,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Fabian alichinja jogoo, akamkimbiza uwanja mzima na lile goti lililopona, na sasa limerudi kuvimba. Mgeni amevuka mwezi ambao wa kwanza hakuuvuka. Nimesema hilo tu na siendelei.

Unisamehe mwandiko na penseli. Kalamu ya wino haiandiki mtu akiwa amelala chali. Usiulize.

Makabati yamenipa mawazo, maana muda ninao. Uliponifundisha kushika msasa nikiwa mdogo uliniambia rangi iliyokoza ni ya misonobari inayotaka kujifanya mninga. Leo wewe huyo huyo unataka kuukoza mringaringa hadi uwe mweusi. Kuna kitu unakifunika. Hayo madoa yana rangi gani? Kama ni ya maji au ya moshi hayanitishi, mbao iliyoishi si lazima iwe safi. Kama ni kitu kingine, niambie sasa. Mbao zimetoka wapi? Huo mshangao ulioniwekea nashukuru, lakini mimi wa mwaka huu siwezi kushangazwa. Mlango ukigongwa tu mwili wote unashtuka.

Naomba jibu, hata kama ni fupi.

Stella


Marangu, 5 Mei 2024

Mwanangu,

Pokea salamu za huku kwenye matope. Mvua imenyesha hadi barabara ya kwetu imekatwa na maji, na barua imesubiri. Umeandika umelala chali halafu unaniambia nisiulize. Haya, siulizi, lakini mama yako mdogo kaniona nikisoma na kanishika. Nimemwambia. Hajapiga kelele hata kidogo, na hilo limenitisha kuliko kelele.

Habari nyingine za nyumbani si nzuri. Kideri kimepita hapa na kuwamaliza kuku wa mama yako mdogo, wakubwa kwa vifaranga. Mara hii sijakielewa. Kuku alikuwa anatetemeka miguu, anaanguka ubavu, anapiga mbawa, basi. Wakati huo nilikuwa nimemaliza kuranda mbao zako na nimewatandikia maranda mapya, wamelala pazuri kama wageni wa hoteli, na ndipo wakafa. Cha ajabu, kuku wa jirani yetu Eliaichi, wanaochakura nao jalala moja, hawakuguswa.

Tuje kwenye rangi. Ile iliyokoza imenishinda. Niliipaka, ikakaa vizuri siku mbili, ya tatu doa likarudi juu, la bluu linaloelekea kijani. Nikaikwangua. Nikapiga sandingsila ya kuziba vinyweleo vya ubao, nikapaka rangi ya mafuta nyeupe. Juu yake nikaweka ile rangi nyembamba ya kahawia ambayo unaipaka na kuifuta kwa kitambaa hapo hapo, ibaki kwenye pembe na michongo tu. Wenye nyumba za kisasa Moshi ndivyo wanavyotaka siku hizi, na kwa kweli makabati yalipendeza hadi nikakaa kuyatazama. Asubuhi yake nimekuta doa la bluu limetoka katikati ya weupe, na pembeni yake ubao unatoa unga kidogo. Nikalipiga msasa kwa nguvu. Vumbi lake ni kali, limenikaa kifuani, lakini kazi ya mbao ina vumbi.

Nimeamua kupaka nyeupe mara tatu, nzito. Doa halitakuwa na pa kutokea. Kwa hiyo chagua tu, weupe wa maziwa au weupe wa chokaa?

Thadeus


Singida, 14 Mei 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Leo sisalimii zaidi ya hapo.

Usipake kitu. Weka brashi chini sasa hivi, utoke kwenye hicho kibanda, uniandikie ukiwa nje.

Nimesoma habari za kuku mara moja, nikarudia, kisha nikaanza kulia hadi Fabian akadhani ni lile jambo lingine. Bluu hiyo naijua, ni mrututu wa kunyunyizia kahawa. Na unga huo naujua. Mbao umezitoa stoo ya kahawa ya baba, sivyo? Nimempigia simu mama mdogo nikamuuliza. Kasema, muulize baba yako mdogo mwenyewe.

Baba alihifadhi dawa za kahawa mle tangu kabla sijazaliwa. Za majani, za wadudu, zile za unga ambazo baadaye zilikatazwa naye hakujua azitupe wapi. Makopo yalivuja, magunia yalichanika, na ule ubao umekunywa yote. Mimi sikuwahi kuingia. Niligusa kitasa mara moja tu, akanichapa, na baba hakuwa mtu wa kuchapa. Tena akitoka kunyunyizia, nilikuwa namkimbilia, naye anainua mikono juu na kurudi nyuma, ananikataza nisimguse. Kwanza mferejini.

Na wewe umeuranda. Umeupiga msasa. Umeuvuta kifuani.

Mwandiko wako wa mwezi huu si wa mwezi wa tatu. Herufi zinacheza. Nilidhani ni baridi. Niambie ukweli kuhusu mikono yako. Niambie vipande vilivyobaki viko wapi, nani kachukua za kuwashia moto, maranda yamemwagwa wapi. Ningekuja na kulala mwezi mzima na mtoto mbele ya hilo kabati, nguo zake zikiwa ndani, nami nikilisifia weupe wake.

Stella


Marangu, 30 Mei 2024

Mwanangu Stella,

Ni kweli. Ni stoo ya kaka.

Ilikuwa imeanza kulala upande, paa limeliwa na kutu. Nilitaka kuibomoa nikaona ule mlango wake wa nje. Unakumbuka? Ndipo baba yako alipokupimia urefu, kila Krismasi alama moja ya kisu, hadi ukampita mama yako. Nikasema mlango huu utakuwa mlango wa kabati la mgeni. Alama zako ziko upande mmoja, zake zitaanza upande wa pili. Nilijua hata nikipaka rangi mchanjo wa kisu utaonekana. Basi, nikaona haya kuchukua mlango na kuziacha mbao nzuri vile zioze. Huo ndio mshangao wangu.

Doa la bluu nililiona siku ya kwanza. Nikajiambia ni mrututu tu, sisi tumekua tunaupaka mashambani na hatujafa. Harufu nikajiambia ni ya ukongwe. Nilidhani rangi inafunga. Maisha yangu yote nimeona rangi ikifunga kila kitu, kovu la moto, kinyesi cha popo, nyufa, kazi mbaya ya fundi mwingine. Nimerudi kwa Kuldip, nikampa karatasi aniandikie alichosema ile siku. Ameandika: mzee, hii inanuka dawa, iulizie.

Nimekwenda kwa bwana shamba, Ronald. Alipoona kipande alisimama mbali nacho. Anasema rangi haifungi kitu, itapasuka na itatoka. Tena anasema tusiuchome, moshi wake ni mbaya zaidi, tusimpe mtu, tusizike karibu na mfereji. Nimefunga makabati yote na mbao zilizobaki kwenye nailoni na kuzitia kufuli, hadi watu wanaokusanya dawa kuukuu watakapofika. Mlango nao umo humo. Maranda tumeyachota pamoja na udongo wake. Vipande nilikuwa nimempa Eliaichi kuni. Nilikwenda kwake nakimbia, mzee mzima. Alikuwa amevipanga juu ya mafiga akisubiri vikauke maji ya mvua, hajawasha hata kimoja. Nilivikusanya vyote kwenye gunia na kurudi navyo.

Mimi sina neno. Mikono ni uzee.

Nimenunua mbao mbichi za grivelia, zimekatwa kwa jirani, mti nimeuona umesimama. Nitaanza upya. Uniambie rangi.

Thadeus

Stella mwanangu, ni mimi Flavia naandika huku chini kabla sijaifunga barua. Anakudanganya. Kijiko kinamwaga uji. Nimempeleka hospitali, wamempa dawa na wamesema arudi. Kifua ni hicho hicho. Amekataa kukaa meza moja na wajukuu wa Eliaichi, anaogopa kuwagusa.


Singida, 3 Julai 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Na mama mdogo, shikamoo, na asante kwa zile sentensi za chini.

Sasa niseme langu. Tangu Machi daktari ameniweka kitandani. Nilitokwa damu, ikasimama. Sikukuandikia kwa sababu niliona nikiandika itarudi. Wewe ulificha mbao na mimi nikaficha kitanda, na tulivyokuwa tunasalimiana vizuri.

Mgeni bado yupo. Anapiga teke nikila ndizi.

Umeniuliza rangi. Sitaki rangi. Sitaki ya mbao, wala vanishi, wala nyeupe, wala ya kufuta kwa kitambaa. Randa, piga msasa laini, acha hivyo hivyo. Nataka ubao ambao nikiunusa nanusa ubao. Likichafuka, mama mdogo atalisugua kwa sabuni. Wakipita wageni na kuuliza mbona fundi hakumalizia, waambie mwenyewe ndivyo alivyotaka.

Na uende hospitali siku waliyosema. Usimfanye mama mdogo akuandikie tena chini ya barua.

Stella


Marangu, 27 Septemba 2024

Mwanangu,

Naandika nikiwa kibandani, na karatasi hii mama yako mdogo atakuletea hapo nyumba ya kaka pamoja na supu. Pole na safari ya hospitali, na hongera mama. Nimeona Fabian akiteremka kwenye gari amembeba kama mtu aliyebeba mayai. Nimeona kablanketi ka njano.

Usidhani nimekasirika kwa kuwa sijaja kukuona. Makabati yako tayari, hayana rangi, kama ulivyosema. Mlango mmoja haukukaa sawa, utauona. Mimi sitakuja kumshika. Nimeoga kwa sabuni, nimejisugua kwa majivu, nguo za kazi nimezitia kwenye ile nailoni. Daktari anasema nimetulia na sina cha kumwambukiza mtu. Lakini nikinusa viganja, nanusa stoo. Mama yako mdogo anasema hakuna harufu. Yeye hakuushika ule ubao. Mtoto wa namna hiyo, aliyepita alikopita, mimi simgusi. Nitamtazama kutoka kwenye migomba, inatosha.

Thadeus


Marangu, 6 Oktoba 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Barua hii haipandi basi, inavuka uwanja tu.

Nakuona kila asubuhi dirishani. Unasimama kwenye migomba, unajifanya unakata majani makavu ambayo ulishayakata jana, unatazama huku, unarudi. Mama mdogo ananipa mtori hadi nainuka kwa shida na hanifungulii mlango nitoke. Ndiyo maana sijakufuata.

Sitakuambia woga umeisha. Daktari kampima mtoto, kasema ni mzima, na bado naamka kuweka sikio kwenye pua yake. Siku ya kwanza humu nilitoa nguo zake zote kabatini, nikaingiza kichwa ndani, nikanusa kila kona. Ni mbao tu. Mlango uliosema unakwama kweli, kuufungua ni lazima uuinue kidogo. Mama mdogo anataka aite fundi mwingine. Nimekataa.

Umesahau jambo moja kuhusu kaka yako. Nilikuandikia nusu yake. Ni kweli alikuwa akitoka kunyunyizia anainua mikono na kunikataza. Lakini hakubaki mferejini. Alivua shati, akanawa hadi juu ya viwiko, akanawa tena, akavaa shati jingine, kisha akaja kuninyanyua. Kila mara alikuja. Mimi nilikuwa nasimama pale pale kumsubiri.

Barazani kuna ndoo ya maji, sabuni mpya na shati lako la kanisani. Mama mdogo ameyaweka mwenyewe. Nawa, uje. Mgeni analia sasa hivi, analia hadi Eliaichi ameuliza ng'ambo ya ua kuna nini, na najua wewe husikii. Ukimweka kifuani utamsikia. Jina lake nitakuambia ukiwa umemshika, si kabla.

Na mikono ikitetemeka, nitaweka yangu chini ya yako.

Stella